Ya Kale ni Dhahabu, Lakini Nani Aliichimba?

Wazee wetu walisema kwamba ya kale ni dhahabu. Neno hilo twalipenda sana sisi tuliokwisha kuzeeka, na hapana mwaka upitao bila ya kulitamka mbele ya watoto na wajukuu. Twalitoa kama ushahidi na kama hukumu pia: ushahidi juu ya siku zetu, na hukumu juu ya siku zao. Ndugu msomaji, leo nataka tuliulize neno hilo swali moja ambalo mimi mwenyewe sikuliuliza kwa muda wa miaka 60 na zaidi. Ikiwa ya kale ni dhahabu, nani aliichimba? Kwa maana dhahabu haiokotwi njiani. Wako walioivaa, na wako walioingia shimoni.

Swali hili halikutoka kichwani mwangu. Nilipewa na dada yangu siku ya Krismasi mbele ya jamaa wote, nami nilistahili kupewa.

Watu wa Kilimanjaro wana desturi ijulikanayo nchi nzima: mwezi wa Desemba, wakaao Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hata ng'ambo hurudi nyumbani kwa wazazi wao. Basi siku ile tulikuwa tumeketi uani, upande wa Kibosho, watu wa vizazi vinne. Chakula kilikuwa kimekwisha. Wajukuu walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akiitazama simu yake, nami nikaona kwamba saa ya kuwafundisha imefika. Nikaanza kusimulia utoto wangu.

Nikawaambia: Mimi nilizaliwa mwaka 1947. Babu yenu mkubwa alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma, akarudi mwaka 1946 na koti la jeshi na blanketi mbili. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa na matumaini. Tulikwenda shule kwa miguu, bila viatu, umande ukiwa baridi kama maji ya mfereji, wala hatukulalamika. Jioni tulikula ndizi katika sinia moja, mkono kwa mkono. Milango haikutiwa kufuli. Jirani aliyezimikiwa na moto alikuja kuomba kaa, akaketi, akatoa habari zake. Mtoto alikuwa mtoto wa kijiji kizima. Ukikosa njiani mzee yeyote alikurudi, nawe ulipofika nyumbani ulinyamaza kimya usije ukarudiwa mara ya pili. Mwaka 1960 tulipashwa habari kwamba Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo amefanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupewa cheo hicho, tukapiga kengele na kuimba. Na usiku wa Uhuru, kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, tulitoka bwenini tukautazama mlima wetu, maana tuliambiwa kwamba afisa mmoja kijana, Alexander Nyirenda, amepanda na bendera na mwenge hata kileleni.

Nikamalizia kwa hukumu: Lakini ninyi mmepewa kila kitu, wala hamna furaha. Kila mtu na simu yake. Jirani yenu wa Dar es Salaam hamumjui hata jina.

Hapo mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 12, akamgeukia dada yangu, ambaye amenizidi miaka 6, akamwuliza: "Bibi, na wewe ulikuwa na raha namna hiyo?"

Dada yangu akafikiri kidogo. Kisha akajibu bila ya hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto: "Babu yenu asema kweli. Yeye alikuwa na raha. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimekwenda majani."

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Kwa ajili ya wasomaji wasioijua nchi yetu, yanipasa kueleza maana ya kwenda majani. Milimani kwetu ardhi ni haba. Kila ukoo una kihamba chake, yaani shamba la urithi lenye migomba na kahawa, na hapana nafasi ya kuchunga. Kwa hiyo ng'ombe hufungwa zizini, na chakula chao huletwa. Katika siku zile kililetwa kutoka tambarare, mwendo wa saa nyingi kwenda na kurudi. Waliokileta ni wanawake na wasichana. Walishuka alfajiri na mundu, wakakata, wakafunga, wakajitwika, wakapanda mlima na mzigo ambao mwanamume hakuudiriki, wala desturi haikumtaka audiriki.

Sasa tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyofuatana. Majani yalimlisha ng'ombe. Ng'ombe alitoa samadi. Samadi ilirutubisha migomba na kahawa. Kahawa iliuzwa kwa chama chetu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, na bei yake katika miaka ile baada ya vita ilikuwa nzuri kuliko tulivyopata kuiona. Fedha ya kahawa ilitiwa mkononi mwa baba, na kutoka mkononi mwa baba ilitoka ada yangu ya shule. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Elimu yangu ilielea vizuri sana. Nikawa mwalimu, nikalipwa mshahara, nikaheshimiwa. Lakini ukiifuata nyuma hatua kwa hatua, utafika kwenye mtita wa majani uliokuwa juu ya kichwa cha msichana.

Msichana huyo alikuwa na akili. Mwaka 1954 alifanya mtihani wa Darasa la Nne, akafaulu. Wakati ule mtoto aliyemaliza Darasa la Nne alikuwa amefika njia panda: wachache walichukuliwa shule ya kati, Darasa la Tano hadi la Nane, na wengine wote walirudi shambani. Kwa wasichana nafasi zilikuwa chache zaidi, nao ndugu yangu aliipata moja. Ilihitajiwa ada, nguo na blanketi, maana ilikuwa shule ya bweni. Baba akapiga hesabu. Mwezi wa Januari mimi nilikuwa nikiandikishwa Darasa la Kwanza. Akasema kwamba fedha iliyopo ni ya mtoto mmoja, na kwamba msichana ataolewa. Mama hakusema neno. Dada yangu alikuwa na miaka 13. Siku iliyofuata alishuka tambarare.

Habari hii sikuifichwa. Niliijua tangu utoto. Lakini niliijua kama mtu ajuavyo kwamba nyumba yake ina msingi: kitu kilichofukiwa, kisichotazamwa. Nilipokuwa nikisimulia siku za kale, msingi haukuingia katika hadithi.

Usiku ule wa Krismasi nikayarudia maneno yangu moja baada ya jingine, nikayapima. Nikaona kwamba yamegawanyika mafungu matatu, nami nilikuwa nimeyatia yote katika kapu moja na kuliita wema.

Fungu la kwanza ni mambo yaliyokuwa mema kwa kweli. Watu wazima walikuwa na nafasi ya kukaa na watoto. Mtoto alifanya kazi kando ya baba au mama, akajifunza kwa macho, akasikia methali katika mahali pake. Mzee alipopita tulisimama tukamwamkia, naye akasimama akatuuliza habari za nyumbani, akangoja jibu. Mgonjwa hakulala peke yake. Mambo hayo yalikuwa dhahabu halisi, na mtoto akuaye leo katika nyumba ambamo wazazi huondoka kabla hajaamka na kurudi akiisha lala amepungukiwa na kitu, hata kama ana viatu jozi tatu. Kwa hilo sirudi nyuma.

Fungu la pili ni mambo yaliyokuwa umaskini tu, nasi tumeyavika joho la fadhila. Miguu mitupu si fadhila. Ni miguu isiyo na viatu. Mlango usio na kufuli ni jambo zuri, lakini nauliza: ndani mlikuwa na nini cha kuibwa? Tulishiriki kaa la moto kwa sababu kiberiti kilinunuliwa kwa fedha. Tena katika fungu hili mna makaburi. Mdogo wetu wa mwisho alikufa kwa surua, naye hakuwa peke yake kijijini mwaka ule. Katika Tanganyika ya siku zile, angalau mtoto mmoja kati ya kila watano hakuifikia siku ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hata kufikia watoto 43 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Kila nisemapo kwamba zamani watoto walikuwa na furaha, nasema habari za watoto waliobaki. Wale wengine hawakuitwa kutoa ushahidi.

Fungu la tatu ndilo linaloumiza. Ni mambo ambayo hayakuwa wema, wala hayakuwa umaskini peke yake, bali yalikuwa dhuluma iliyozoeleka hata isionekane. Nililisifu sinia moja. Nikikumbuka vema, sinia lile lilikuwa letu sisi wavulana, nasi tulikula kwanza. Dada zetu walikula baadaye jikoni pamoja na mama, na walikula kilichosalia. Nilisema kwamba mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Ni kweli, kijiji kizima kiliweza kunichapa. Lakini mtoto wa kijiji kizima alipoondolewa shuleni ilhali amefaulu, ni nani katika kijiji hicho aliyefungua kinywa? Na kihamba cha baba kilipogawanywa, desturi ilikigawa kwa wana wa kiume. Yeye aliyekilisha kwa samadi kwa miaka mingi hakupata hata mgomba mmoja, nami niliyekuwa shuleni nikapata shamba.

Najua kwamba hapa msomaji mmoja atanijibu, naye ana haki ya kusikizwa. Atasema: Je, wataka kumhukumu baba yako kaburini? Yeye alifuata desturi ya wakati wake. Alikuwa na fedha ya mtoto mmoja, akachagua kama kila mtu alivyochagua.

Nami najibu kwamba si kila mtu. Walikuwako akina baba wachache, majirani zetu, wenye kahawa kama yetu na si zaidi, waliowapeleka binti zao kwa masista. Basi jambo lile liliwezekana. Lakini sipendi kumweka baba yangu kizimbani, na sababu yangu ni hii: katika mambo ya namna hii twachanganya hatia na deni, nayo ni mambo mawili. Hatia ni ya yule aliyetenda ubaya, kwa kadiri ya alivyoujua. Kuipima si kazi yangu. Baba yangu ameshakwenda kwa Hakimu anayeipima kuliko mimi. Lakini deni halingoji hatia. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 7, sikumdhulumu mtu, sikuulizwa neno. Hata hivyo nilikula. Mtu akipewa koti akalivaa miaka 60, kisha akajua kwamba lilivuliwa mgongoni mwa ndugu yake penye baridi, hatasema, "Sikulivua mimi," akaendelea kulivaa. Hana hatia, lakini ana deni. Na tangu siku ile ya kujua, akinyamaza, hatia nayo huanza.

Msomaji wa pili, mpole kuliko wa kwanza, atasema: Usimnyang'anye dada yako heshima yake. Alijitoa sadaka kwa ajili ya ndugu yake, na sadaka ni jambo tukufu. Kwa nini waiita dhuluma?

Neno hilo lilinivuta sana, maana lilinipa njia ya kumsifu dada yangu bila ya kumlipa. Lakini sadaka ni kitu kitolewacho na mwenyewe. Kinachochukuliwa hakiitwi sadaka, hata aliyechukuliwa akinyamaza, hata akivumilia kwa moyo mwema. Dada yangu hakuulizwa. Yeye mwenyewe aliufanya mzigo wake kuwa mtakatifu kwa jinsi alivyouchukua. Utukufu huo ni wake, wala si wa wale waliomtwika. Tusijipambe kwa uvumilivu wa watu wengine.

Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwake kabla ya jua kupanda. Nilimkuta akichambua maharage kizingitini. Nikamwambia niliyoyafikiri usiku, nikamwomba radhi, nikasema kwamba sehemu ya kihamba iandikwe kwa jina lake, na kwamba hata sheria za ardhi za mwaka 1999 zimetamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Akanitazama kama zamani alipokuwa akinibeba mgongoni nami nikilia.

"Mdogo wangu," akasema, "kihamba nitakilima na magoti yapi? Ungalikuja nacho miaka 40 iliyopita."

Nikakosa la kusema. Akaendelea kuchambua, kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza: mjukuu wake amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada haijatimia. "Mimi nilitaka kuwa mwuguzi," akasema. Ndugu zangu, tumeishi bega kwa bega tangu nilipozaliwa, na siku ile ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba dada yangu alikuwa ametaka kuwa kitu. Sikuwahi kumwuliza.

La pili alilisema kwa sauti ya chini. "Tena, waendao majani hawajaisha. Jana hukumwona?"

Nikamwuliza, nani? Akajibu: "Yule msichana wa kazi wa mwanao."

Kwa kweli sikuwa nimemwona. Nilijua kwamba mwanangu amekuja na gari kutoka Dar es Salaam pamoja na mkewe, watoto na msichana wa kazi. Nilimwona kama mtu aonavyo mzigo ukishushwa. Sisi tulipokuwa tukila, alikuwa jikoni. Nilipokuwa nikisifu sinia moja, alikuwa akiosha masinia. Wajukuu wangu walioniudhi kwa simu zao walikuwa na nafasi ya kuzitazama kwa sababu yeye alikuwa amefua nguo zao na kumbeba mdogo wao mgongoni. Nilikuwa nimewahubiria watoto habari ya siku zangu na za kwao, nami sikujua kwamba kizazi changu na chao vyafanana katika jambo lile lile nililolisahau: katika vyote viwili kuna msichana asiyekuwapo mezani.

Nikamwita mwanangu kando, nikamwuliza habari za binti yule. Alitaja mkoa alikotoka na mshahara ampao, na kwamba ana miaka 17 na amemaliza Darasa la Saba. Nikamwuliza: Alifaulu? Mwanangu akasema hajui, hakupata kumwuliza.

Nchi yetu imefanya mambo makubwa tangu siku za dada yangu, na asiyeyakiri hasemi kweli. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2002, na tangu mwaka 2016 mtoto husoma bila ada hata Kidato cha Nne. Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya uja uzito warudi shuleni. Ukiingia leo katika darasa la shule ya msingi, wasichana hawapungui kwa hesabu kuliko wavulana. Kama dada yangu angezaliwa siku hizi, labda asingalishuka tambarare. Lakini sheria njema hufungua mlango tu. Haiwezi kumshika mkono kila mtoto na kumwingiza. Katika nyumba za watu wa kipato, mijini kote, nyumba za watu wasalio na waheshimiwao, wamo maelfu ya mabinti walioacha masomo ili wengine wasome, waamkao kwanza na kulala mwisho. Nao pia tutawasimulia siku moja kwa maneno matamu. Wajukuu wangu watakapozeeka watasema: "Utoto wetu ulikuwa mzuri, tulikuwa na dada mmoja aliyetupikia, alitupenda sana." Wala jina lake la pili hawatalijua.

Basi swali tulilolianza ndilo kipimo nikipendekezacho kwa wazee na kwa vijana pia. Tusiulize zama zipi zilikuwa bora. Mhubiri, katika sura yake ya saba, ametuonya kwamba aulizaye kwa nini siku za zamani zilikuwa njema kuliko hizi haulizi kwa hekima. Na Mtakatifu Augustino, miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, aliwajibu watu walionung'unikia ubaya wa nyakati kwamba nyakati ni watu wenyewe. Tuulize badala yake: katika raha hii ninayoisifu, iwe ya mwaka 1955 au ya leo, ni nani aliyekuwa amekwenda majani? Ukilipata jina lake, utajua thamani ya dhahabu yako. Usipolipata, usiseme kwamba hayuko. Sema kwamba hujatazama.

Sisemi kwamba wazee tunyamaze. Kijana asiyesikia habari za kale ni kama mti uliokatwa mizizi, na yako mambo ambayo sisi peke yetu twaweza kuyashuhudia. Lakini shahidi huapa kusema kweli yote. Mwenye kusema nusu iliyo tamu na kuficha nusu iliyo chungu si shahidi tena. Amekuwa mfanyabiashara, na bidhaa anayoiuza ni yeye mwenyewe. Watoto wetu hawachoki kusikia habari za zamani. Wamechoka kuhukumiwa kwa zamani ambayo haikuwako. Tukiwaeleza yote, makaburi na masinia, nyimbo na mitita ya majani, nadhani watatusikiliza. Mjukuu wangu yule, tangu siku ile, amenipigia simu mara nyingi kwa simu ile ile niliyoilaumu, naye haniulizi juu ya umande na miguu mitupu. Aniuliza habari za dada.

Ada ya chuo cha uuguzi nimelipa kutoka katika malipo yangu ya uzeeni, na nitailipa hata imalizike. Sijidai kwa hilo. Mtu anayelipa deni baada ya miaka 70 hapigiwi makofi. Tena deni lenyewe halilipiki. Mjukuu akiwa mwuguzi, dada yangu hatakuwa mwuguzi. Miaka haikopwi wala hairudishwi. Kilichobaki ni kusema wazi mbele ya watoto kwamba kilichukuliwa, na kwamba kilichukuliwa kwake.

Kuhusu msichana wa kazi, mwanangu hakufurahi nilipoanza kumwuliza. Alisema kwamba mjini mambo si rahisi, kwamba yeye na mkewe wote wana kazi, kwamba mishahara haitoshi, kwamba kila mtu afanya hivyo. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilipokuwa nikimsikiliza nilisikia sauti ya baba yangu, mwezi wa Januari 1955, akipiga hesabu yake kwa uaminifu, akikuta fedha ya mtoto mmoja. Mwanangu si mtu mbaya, wala baba yangu hakuwa mtu mbaya. Ndivyo dhuluma nyingi za ulimwengu huu zinavyotendwa: na watu wasio wabaya, waliokwisha kupiga hesabu.

Nilimwambia neno moja tu: amwulize binti yule alitaka kuwa nani. Juma lililopita alinipigia simu. Amemwuliza. Binti alilia kwanza, kisha akasema kwamba alifaulu mtihani wake, lakini nyumbani kulikuwa na wadogo wanne. Sasa mwanangu anatafuta mahali anapoweza kusoma jioni. Sijui kama atadumu katika nia hiyo, maana mwezi una siku nyingi na mshahara ni ule ule.

Lakini ameniambia pia kwamba usiku huo binti alikula mezani pamoja nao. Hapo mwanzo aliona haya, akataka kurudi jikoni. Aliyemvuta kiti akamketisha ni mjukuu wangu wa miaka 12.